Rweya Ndani ya Mwili

Msafiri anayetoka Bukoba mjini kuelekea Muleba, mkoani Kagera, hahitaji elimu ya udongo ili aone mpaka. Huku kuna kibanja: migomba imesongamana, mibuni imejikunyata chini yake, maharage yamejipenyeza katikati, na ardhi imefunikwa majani makavu hata haionekani. Hatua chache mbele migomba inakoma ghafla, na rweya inaanza, nyasi tupu zikipepea hadi kwenye majabali. Mvua ni ile ile. Jua ni lile lile. Kilichotofautiana kiko chini.

Ukanda wa Bukoba unaopakana na Ziwa Victoria hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo, ikinyesha karne nenda karne rudi juu ya mawe ya mchanga ya zamani sana, imeosha kalsiamu na magnesi na kuacha udongo wenye asidi. Katika udongo wa namna hiyo alumini huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Kibanja hakikuumbwa hivyo kilivyo. Kimetengenezwa kwa mikono, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi, majivu, maganda ya ndizi, na nyasi zilizokatwa kwenye rweya hiyo hiyo na kutandazwa chini ya migomba. Wanawake wa Kihaya ambao kwa miaka mingi wamelima njugu mawe kwenye rweya wanajua jambo moja bila kufundishwa darasani: mche wa kahawa kutoka kitalu kimoja utanawiri kwenye kibanja na kudumaa kwenye nyasi zile. Mche ukidumaa, haulaumiwi mche. Huulizwa kwanza umepandwa wapi.

Elimu ya kinga ya mwili imechelewa kuuliza swali hilo. Kwa muda mrefu wanasayansi walizitoa seli za kinga kwenye damu, wakaziweka katika vibakuli vyenye maji ya virutubisho yaliyosawazishwa yafanane na damu, wakazipima uwezo wake humo. Walikuwa wakizipima kwenye kibanja. Lakini seli ya kinga haiajiriwi kukaa kwenye kibanja. Kazi yake iko kwenye jipu, kwenye pafu lililoingiwa na kifua kikuu, ndani ya uvimbe wa saratani, na kwenye tezi zilizovimba. Na sehemu nyingi kati ya hizo zimechacha.

Neno kuchacha linafaa hapa kuliko maneno mengi ya kitabuni. Kila mtu Kagera anajua rubisi inavyotengenezwa: ndizi zilizoiva zinakamuliwa, maji yake yanawekwa kwenye mtumbwi wa mti, unga wa mtama unatiwa, kisha vijidudu visivyoonekana vinaanza kula sukari. Vikiachwa siku nyingi kupita kiasi, kinywaji kinakuwa kikali na kuuma ulimi. Ukali huo ni asidi. Seli za mwili nazo zinaweza kula sukari kwa njia ya kuchacha, hasa zinapokosa oksijeni, na taka inayobaki ni asidi ya laktiki.

Asidi hupimwa kwa kipimo cha pH. Maji safi yako kwenye 7; namba ikishuka, asidi imeongezeka, na kila hatua moja ya kushuka ni ongezeko la mara 10. Damu ya mtu mzima mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na mwili huulinda wigo huo mwembamba kwa wivu mkubwa, mapafu yakitoa hewa ya kabonidayoksaidi na figo zikimwaga ziada kwenye mkojo. Nje ya mishipa ya damu hali ni nyingine. Ndani ya uvimbe wa saratani pH huwa mara nyingi kati ya 6.5 na 6.9. Usaha wa jipu unaweza kufika 6 au hata chini yake. Anayeziona namba hizo kwa mara ya kwanza hudhani tofauti ni ndogo, lakini kutoka 7.4 hadi 6.4 ni kuzidisha chembe za asidi mara kumi.

Muleba inaijua asidi inapouteka mwili mzima. Wauguzi wa wodi za watoto katika wilaya yenye hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo wanaufahamu upumuaji fulani wa mtoto mwenye malaria kali: hapumui haraka tu, anavuta pumzi ndefu na nzito, kifua kinabonyea, kana kwamba amepanda mlima akikimbia. Mapafu yake huenda ni mazima. Vimelea vinakula sukari na kutoa asidi ya laktiki, seli nyekundu zilizoambukizwa zinanata kwenye mishipa midogo na kuziba njia, tishu zilizokosa oksijeni nazo zinachacha, na mwili unajaribu kuipunguza asidi kwa njia ya haraka uliyonayo, yaani kupumua. Mwaka 1995 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walionyesha kwamba upumuaji huo wa shida, pamoja na kupoteza fahamu, ndizo dalili zinazowatambulisha watoto walio karibu zaidi na kifo.

Wilaya hii imelipa gharama kubwa kwa malaria, na imewapa wengine mengi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliuongeza ugonjwa huo Kagera, na watafiti walioufuatilia waliona athari zake hata kwenye uzito wa watoto waliozaliwa. Jaribio la vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO, inayovunja usugu wa mbu, lilifanyika vijijini Muleba, na matokeo yake yalichangia Shirika la Afya Duniani kuvipendekeza vyandarua hivyo mwaka 2017. Kwa aliyekwisha kuugua, jaribio la AQUAMAT, lililohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, lilionyesha mwaka 2010 kwamba sindano ya atesuneti ilishusha vifo kutoka asilimia 10.9 kwa kwinini hadi 8.5. Vimelea vikifa upesi, kiwanda kimoja cha asidi kinafungwa.

Lakini hiyo ni asidi iliyoenea mwili mzima, ambayo mtu anakufa nayo au anapona. Inayotuhusu zaidi hapa ni ile ya mahali, inayoweza kudumu miezi au miaka kwenye kona moja ya mwili wakati damu ikipimwa inaonekana salama.

Mkoa wa Kagera ulijifunza kuhesabu seli za kinga kwa msiba. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani humo. Ugonjwa huo wenyeji waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Mwaka 1987 mradi wa utafiti wa UKIMWI Kagera, ulioendeshwa na Muhimbili pamoja na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, ulipima damu na kukuta kwamba asilimia 24.2 ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi. Karibu mmoja kati ya wanne. Kiwango hicho kilishuka hadi 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996, na nyuma ya kushuka huko kuna wengi waliobadilisha mwenendo wao, na pia makaburi mengi kwenye vibanja.

Dawa za ARV zilipofika, hesabu ya seli za kinga ziitwazo CD4 ikaingia katika mazungumzo ya nyumbani. Bibi asiyejua kusoma aliweza kusema CD4 zake zimefika ngapi, na kama zimepanda tangu mara ya mwisho. Hesabu hiyo iliokoa watu, kwa kuwa kwa miaka mingi ndiyo iliyoamua nani aanze dawa. Ila inafaa kukumbuka inahesabu nini. Damu inayotoka mkononi hubeba takriban asilimia 2 tu ya limfosaiti zote za mwili, kundi la seli ambalo CD4 zimo. Zilizobaki ziko kwenye tezi, utumbo, ngozi na mapafu, kila moja ikiwa imesimama kwenye udongo wake. Kipimo kinasema askari ni wangapi barabarani. Hakisemi wale walioko porini wanapumua hewa gani.

Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, katika wilaya ya Rakai iliyopigwa na wimbi lile lile la UKIMWI, ulitoka mfano mmoja ambao haujatangazwa vya kutosha. Uke wa mwanamke mwenye afya mara nyingi huwa na bakteria aina ya Lactobacillus wanaotengeneza asidi ya laktiki, na pH yake hushuka chini ya 4.5. Bakteria hao wakitoweka na nafasi yao kuchukuliwa na wengine, asidi hupungua, na hali hiyo huitwa vajinosisi ya bakteria. Mwaka 1997 timu iliyoongozwa na daktari wa Uganda, Nelson Sewankambo, ilichapisha katika jarida la Lancet matokeo kutoka Rakai: wanawake wenye hali hiyo walikutwa na VVU kwa kiwango cha juu kuliko wenzao wenye Lactobacillus. Utafiti huo ulipiga picha ya wakati mmoja tu, haukuweza kusema kipi kilitangulia. Tafiti zilizowafuata wanawake kwa muda, kusini na mashariki mwa Afrika, zilikuja kuonyesha kwamba kutoweka kwa asidi huongeza hatari ya kuambukizwa.

Sehemu ya sababu iko kwenye seli za kinga. Virusi vya UKIMWI vinahitaji seli za CD4 zilizoamshwa ili vizaliane. Asidi ya laktiki ya kutosha huwafanya walinzi wa ukuta wa uke watulie: seli za ukuta huo hutoa protini za kupoza uvimbe, na CD4 chache ndizo huitwa mahali hapo. Asidi ikipungua, kengele zinalia, CD4 zinakusanyika, na kirusi kinakuta shabaha zimepangwa mlangoni. Kwa hiyo asidi hapa ni kinga, na utulivu wa seli ni usalama. Ni kosa kubwa kumwuzia mwanamke sabuni na dawa za kujiosha ndani kwa ahadi ya usafi, kwa maana zinaweza kukiharibu kibanja kilichojitengeneza chenyewe.

Ndani ya jipu mambo yanageuka tena. Wa kwanza kufika huko ni neutrofili, seli nyeupe zinazoishi muda mfupi na kufa kwa wingi. Usaha ni maiti zake. Hutumia sukari kwa kuchacha hata kama oksijeni ipo, na asidi zinayoimwaga haizisumbui sana. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba kwenye asidi kiasi neutrofili huchelewa kufa. Makrofeji, seli kubwa zinazomeza wavamizi na uchafu, nazo zinaposikia asidi nje yake zinaweza kupiga king'ora cha uvimbe. Kwa walinzi hao wa mstari wa kwanza asidi ni habari: inawaambia pameharibika. Zipo protini kwenye ngozi ya seli ambazo kazi yake ni kuonja asidi, na tangu 2003, wanasayansi walipotambua familia moja ya vipokezi vya namna hiyo, imekuwa wazi kwamba seli za kinga zinazo aina kadhaa.

Jipu lina funzo jingine, ambalo waganga wa zahanati wanalitumia kila siku. Baadhi ya antibiotiki, jentamaisini ikiwa mojawapo, hupoteza nguvu nyingi kwenye asidi. Mgonjwa anaweza kuchomwa sindano wiki nzima, dawa ikafika kwenye damu kama ilivyokusudiwa, ikafika hata ukingoni mwa jipu, ikaishiwa nguvu hapo. Ndiyo maana jipu kubwa hupasuliwa. Kisu kinaondoa usaha, na pamoja na usaha kinaondoa uwanja uliokuwa ukimpendelea adui.

Saratani ndipo asidi ilipofanya hila yake kubwa. Mjerumani Otto Warburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kazi nyingine ya upumuaji wa seli, aligundua miaka ya 1920 kwamba seli za saratani huchacha sukari hata oksijeni ikiwa tele. Kwa Afrika Mashariki, mfano wa kutisha wa tabia hiyo ni limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliona mwaka 1957 watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, akaandika juu yao mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari maili 10,000 hivi kupitia nchi za mashariki na kusini wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unaonekana kwao. Ramani waliyoichora ilifuata joto na mvua, na baadaye ikaeleweka kwamba ilikuwa ikifuata malaria. Pwani za Ziwa Victoria, Bukoba na Muleba zikiwemo, zimo ndani ya ukanda huo. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wa London walikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, na kikaitwa Epstein-Barr.

Uvimbe huu ni miongoni mwa uvimbe unaokua kwa kasi zaidi unaojulikana kwa binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Injini yake ni jeni iitwayo MYC iliyohama mahali pake, na mwaka 1997 kundi la Chi Dang huko Johns Hopkins lilionyesha kwamba MYC huiwasha LDHA, kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya laktiki. Daktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, anapompokea mtoto aliyevuka ziwa kwa meli ya usiku kutoka Bukoba, mojawapo ya vipimo vya damu vinavyomsaidia kujua ukubwa wa tatizo ni cha kimeng'enya cha familia hiyo, LDH. Namba ikiwa juu, chachu imeenea.

Sasa itazame seli T inayoua, ile iliyofunzwa kutambua seli za saratani, ikiingia mahali hapo. Nayo inapopigana hula sukari kwa kuchacha, na lazima itoe asidi yake nje kupitia milango midogo kwenye ngozi yake. Lakini nje kumejaa. Mlango unasukumwa kutoka pande zote mbili, taka inabaki ndani, na injini inazima. Mwaka 2007 kundi la Regensburg, Ujerumani, lilipima jambo hilo kwa seli za binadamu: asidi ya laktiki ilipunguza kuzaliana kwa seli T na utoaji wa kemikali zake za vita hadi kwa asilimia 95, na uwezo wa kuua ukashuka kwa nusu. Kisha wakafanya lililo muhimu kuliko yote katika utafiti ule. Walizihamishia seli zile kwenye maji yasiyo na asidi ya laktiki, wakasubiri saa 24. Zikarudiwa na nguvu zake.

Seli zile hazikuwa dhaifu. Zilikuwa zimepandwa vibaya. Miaka mitano baadaye watafiti wa Milan walikuta jambo hilo hilo kwa njia nyingine: seli T zilizowekwa kwenye pH ya 6 hadi 6.5 zilizubaa, na pH iliposawazishwa zikaamka.

Kuzubaa kwa seli T kungetosha kuufaa uvimbe, lakini asidi inafanya la pili, la hila zaidi: inabadilisha tabia za wengine. Mwaka 2014 watafiti wa Yale walieleza kwamba makrofeji zikionja asidi ya laktiki hujibu kana kwamba zimefika kwenye kidonda kinachopona. Huacha kupigana na kuanza kujenga. Huita mishipa mipya ya damu, hutoa kimeng'enya kinachowanyang'anya wenzao chakula, na uvimbe unapata mafundi bila malipo. Wakati huo huo seli T za kutuliza, ambazo kazi yake ni kuzuia kinga isishambulie mwili wenyewe, zinavumilia mazingira hayo na zinaweza hata kuila laktati inayotokana na asidi hiyo. Mahali pamoja, asidi moja, na matokeo matatu kwa seli tatu: mpiganaji anazubaa, mmezaji anageuka fundi, mpatanishi ananenepa.

Kwa nini mwili uwe na udhaifu wa namna hii? Jibu zuri lilitoka kwenye kituo cha saratani cha Moffitt, Florida, mwaka 2020. Watafiti huko walipima pH ndani ya tezi za limfu za panya na kukuta sehemu zinakokaa seli T zina asidi, na asidi hiyo inatengenezwa na seli T zenyewe. Ndani ya tezi seli hizo zinafunzwa na kuongezeka, lakini zisingepaswa kumwaga sumu zao hapo, kwani zingeiunguza shule yenyewe. Asidi inazizuia kutoa silaha bila kuzizuia kujifunza. Zikitoka kwenda kwenye damu yenye pH ya kawaida, kizuizi kinaondoka. Basi saratani haikubuni kitu kipya. Iliiba amri halali ya mwili, ile ya kuwaambia askari waweke silaha chini, ikaipaza kwenye uwanja wa vita.

Habari kama hizi zinapofika mitaani huzaa biashara. Wapo wanaouza maji ya alkali, wanaoshauri wagonjwa wa saratani wanywe magadi ya kupikia, wanaosema limau hubadili damu. Hili lazima lisemwe bila kuzungusha: chakula hakibadilishi pH ya damu, kwani mapafu na figo hazikiruhusu, kinachobadilika ni mkojo. Ni kweli kwamba panya waliopewa sodiamu baikaboneti, jamii ya magadi hayo, kwenye maji ya kunywa walipata saratani iliyosambaa kidogo kuliko ya wenzao, katika utafiti wa 2009, na mwaka 2016 ilionekana kwamba baikaboneti iliisaidia tiba ya kinga kufanya kazi kwa panya. Ni kweli pia kwamba wale wa Milan walipata matokeo mazuri kwa panya walipotumia esomeprazole, ndugu wa omeprazole, dawa ya tumbo inayouzwa kila duka la dawa. Lakini kiasi anachohitaji binadamu ni kikubwa mno. Walioijaribu baikaboneti walishindwa na ladha na tumbo. Mtu anayejinywesha magadi nyumbani anaweza kuharibu chumvi za damu yake na kupoteza wiki ambazo zingetosha kumfikisha Bugando akiwa bado anatibika. Limfoma ya Burkitt inayoongezeka maradufu kwa siku mbili haimsubiri mtu amalize kopo.

Ajabu ni kwamba dawa inayotumia asidi ya mwili kama silaha tayari iko kwenye kabati la kila kliniki ya kifua kikuu Bukoba na Muleba, na historia yake ni ya Afrika Mashariki.

Makrofeji inapommeza bakteria humfungia kwenye kifuko na kukijaza asidi hadi pH ya karibu 5 au chini. Bakteria wengi hufia humo. Bakteria wa kifua kikuu amejifunza kuzuia pampu zisifike kwenye kifuko chake. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba humo pH hubaki kwenye 6.3 hivi, naye anaishi ndani ya mlinzi wake. Makrofeji ikichochewa vizuri na seli T, pampu hufika na asidi hupanda. Kirusi cha UKIMWI kinapoziua CD4, ambazo nazo ni seli T, uchochezi huo hupungua, na hapo ndipo misiba miwili ya Kagera ilipofungana pamoja.

Pyrazinamide iligunduliwa kuwa dawa ya kifua kikuu mwaka 1952, na ikawafadhaisha wataalamu. Kwenye kibakuli cha kawaida haikuua kitu. Muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba inafanya kazi kwenye pH ya 5.5 hivi. Kwenye asidi tu, basi. Inawapata bakteria walio kwenye sehemu zilizochacha, waliolala, wasiozaliana, wale ambao dawa nyingine huwapita, na ndio hasa wanaorudisha ugonjwa mwaka mmoja baada ya mgonjwa kuambiwa amepona. Mwaka 1972 madaktari wa Afrika Mashariki na wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walichapisha jaribio lililowahusisha wagonjwa wa kanda hii, Tanzania ikiwemo. Tiba iliyokuwa ikichukua miezi 18 ingeweza kumalizika kwa miezi sita ikiongezwa rifampicin au pyrazinamide. Kuanzia 1977 Tanzania, ikisaidiwa na Karel Styblo na Umoja wa Kimataifa wa kupambana na Kifua Kikuu, ilijenga mpango wa taifa ambao baadaye uligeuka kiolezo cha dunia nzima.

Leo mgonjwa mpya anayeanza dawa kwenye kituo cha afya cha Muleba humeza kidonge chenye dawa nne ndani yake, pyrazinamide ikiwa mojawapo, kila siku kwa miezi miwili. Uvimbe wa pafu unapoanza kutulia, sehemu zenye asidi hupungua, na dawa inayohitaji asidi haina tena mahali pa kufanyia kazi. Mwezi wa tatu muuguzi hubadilisha pakiti. Zinabaki dawa mbili, kwa miezi minne mingine, na mgonjwa anayeuliza kwa nini vidonge vimebadilika anaweza kujibiwa kwa kuonyeshwa dirishani, kule nyasi za rweya zinapoanzia.